Kasha la Nyuzi 10: Shajara ya Kazi

Wiki ya 1

Leo nimefungua daftari hili. Kazi inasemeka kwa maneno machache: kutengeneza kasha la kubebea mapafu ya kupandikiza, likae kwenye nyuzi 10 za Selsiasi kwa saa 24 bila kuchomekwa kwenye umeme. Joto likipanda lisizidi 11, likishuka lisipungue 9.

Naandika kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa uhandisi wa tiba kule nyumbani wanaoniuliza kila mara nafanya nini huku Toronto, Kanada. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande kwenye simu, na jambo hili halielezeki kwa vipande.

Mji huu una haki ya kujivunia mapafu. Upandikizaji wa kwanza kwa binadamu ulifanyika Marekani, Jackson, Mississippi, mwaka 1963, chini ya daktari James Hardy. Mgonjwa akaishi siku 18. Miaka 20 iliyofuata makumi ya majaribio yaliishia njiani. Ndipo mwaka 1983, Toronto, timu ya Joel Cooper ikampandikiza mtu pafu moja, naye akaishi zaidi ya miaka 6. Mwaka 1986 wakapandikiza mapafu yote mawili, hapa hapa.

Hata hivyo, mahali pengi njia ya kuyasafirisha haijabadilika sana tangu enzi hizo. Pafu huoshwa kwa kimiminika baridi kupitia ateri yake ili damu yote itoke, likatiwa hewa kiasi cha nusu ya uwezo wake, bomba la hewa likabanwa, kisha likaingizwa kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na kulazwa ndani ya kasha la barafu. Kwa kawaida madaktari hawapendi likae hivyo zaidi ya saa 6 hadi 8. Mtu mwenye tarakilishi ya kisasa mfukoni anasubiri pafu linalokuja kwa njia ile ile tunayobebea samaki kutoka Pangani, na mimi nimekubali kazi hii kwa sababu hilo limenikaa rohoni.

Wiki ya 2

Kabla ya kujenga kitu kipya lazima nijue barafu yenyewe inafanya nini. Nimepata mapafu ya kondoo kutoka machinjioni. Nilipomtumia Mama picha akacheka: "Hayo si yavuyavu tu, mwanangu?" Ndiyo, yavuyavu, lile lile ambalo kwetu wachinjaji humtupia paka.

Mapafu mawili ya kwanza hayakufaa. Kisu kilikuwa kimepita kwenye bomba la hewa na kuchana ncha ya pafu la kulia, kwa hiyo kila nikilitia hewa linapumua kama mpira wenye pancha. La tatu lilikuwa zima. Nikaliosha kwa maji ya chumvi ya baridi, nikachomeka vipimajoto sita vya waya: viwili ncha ya chini, viwili katikati, kimoja juu, kimoja kwenye maji ya mfuko. Nikalifunga kama wafanyavyo hospitali, nikalizika kwenye barafu, nikaacha mashine irekodi usiku kucha.

Asubuhi nimeona mambo mawili. La kwanza, pafu halina joto moja. Limejaa hewa, na hewa ni blanketi. Katikati palichelewa sana kufuata kingo. La pili, upande uliolalia barafu ulishuka chini ya nyuzi 2 na kukaa huko. Watu husema "pafu limehifadhiwa kwenye nyuzi 4" kana kwamba kasha la barafu lina kitasa cha kuchagua namba. Halina. Barafu inayoyeyuka ina joto moja tu, nalo ni sifuri, na kila kilicho karibu nayo huvutwa huko.

Wiki ya 4

Wiki nzima nimesoma, na leo nayapanga hapa niliyoyaelewa, kwa sababu bila haya kasha langu ni boksi tu.

Pafu likikatwa kwenye mzunguko wa damu halifi mara moja. Seli zake zinaendelea kula akiba. Ubaridi unasaidia kwa kupunguza ulaji huo: kila ukishusha nyuzi 10, matumizi ya seli hupungua kwa nusu au zaidi. Ukiishia hapo utadhani baridi zaidi ni salama zaidi, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyodhaniwa.

Lakini kwenye utando wa kila seli kuna pampu inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, na kila mzunguko hula molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo kuni za seli. Karibu na sifuri pampu hiyo inazubaa. Sodiamu inavuja kuingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Kalsiamu nayo inapanda mahali isipotakiwa. Baridi kali pia hulegeza madini ya chuma yaliyokuwa yamefungwa salama ndani ya seli, na chuma kikiwa huru huzalisha radikali za oksijeni, chembe kali zinazounguza mafuta ya utando. Mitokondria, ambazo ndizo majiko ya seli, hutoka humo zimejeruhiwa. Sehemu ya jeraha hili haitokani na kukosa damu. Ubaridi wenyewe ndio unaolitia.

Halafu kuna jambo la pafu peke yake, ambalo limenishangaza kuliko yote. Moyo na figo, damu ikisimama, vinakosa oksijeni. Pafu lina hewa ndani, kwa hiyo oksijeni ipo pale pale, ng'ambo ya ukuta mwembamba kuliko karatasi. Hata hivyo linaumia, kwa sababu seli zinazotandika ndani ya mishipa yake zimezoea kusuguliwa na damu inayopita. Msuguo ukikoma, zinaujua ukimya huo. Umeme wa utando wao unabadilika, vimeng'enya vinaamka, radikali zinaanza kutengenezwa ingawa oksijeni haijapungua.

Jeraha hilo huonekana damu ya mpokeaji inapofunguliwa. Oksijeni na chembe nyeupe za damu zinaingia kwa kishindo, mishipa iliyolegea inavuja, vifuko vya hewa vinajaa maji. Madaktari hulipima ndani ya saa 72 za kwanza kwa kulinganisha oksijeni iliyomo kwenye damu na ile anayovutishwa mgonjwa. Uwiano ukiwa chini ya 200, hiyo ndiyo daraja mbaya kabisa. Mtu aliyengoja pafu kwa miezi anaweza kulipata na asiweze kupumua kwalo.

Kimiminika cha kuoshea kilisharekebishwa. Zamani walitumia chenye potasiamu nyingi, kwa kuiga kilichomo ndani ya seli. Kumbe potasiamu hiyo huikaza mishipa ya pafu, na maji ya kuoshea hayafiki kila pembe. Sasa hutumika chenye potasiamu kidogo, kama milimoli 6 kwa lita, pamoja na dekstrani, aina ya sukari yenye molekuli kubwa, inayosaidia kuyazuia maji yasitoroke nje ya mishipa. Hiyo ni hatua kubwa, na imeokoa watu. Joto ndilo lililobaki nyuma.

Nalo lilishaulizwa! Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 watafiti walijaribu mapafu ya sungura na mbwa kwenye viwango mbalimbali vya joto, na nyuzi 10 ikaonekana bora kuliko 4. Ila hospitali ina barafu, haina nyuzi 10. Barafu inapatikana kila mahali, haiharibiki, haihitaji fundi. Kwa hiyo jibu lilikaa kwenye makaratasi miaka 30 hivi, mpaka Toronto walipolirudia na kuchapisha mwaka 2021: mapafu ya nguruwe yakahifadhiwa saa 36, na yale ya nyuzi 10 yakatoka na mitokondria zenye afya kuliko yale ya barafuni. Kwenye nyuzi 10 seli bado zinafanya kazi kidogo kidogo, zinatumia oksijeni iliyomo ndani ya pafu na kujitengenezea baadhi ya kinga. Wagonjwa watano wa kwanza walipandikizwa kwa njia hiyo. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya wagonjwa 70 kutoka Toronto, Vienna na Madrid, mapafu yao yakiwa yamekaa zaidi ya saa 12 bila madhara kuongezeka.

Ila katika kazi hiyo mapafu yalisafiri kwanza kwenye barafu, ndipo yakahamishiwa kwenye kabati la umeme la nyuzi 10 hospitalini. Njiani ilibaki barafu. Pengo ninalotaka kuliziba ni hilo la njiani.

Wiki ya 5

Hesabu. Kasha lenye kuta za povu sentimita 5 na eneo la mita 1 ya mraba, nje nyuzi 25, ndani 10, linaingiza joto la wati 10 hivi. Kwa saa 24 hizo ni kilojuli 860. Nahitaji kitu kinachonywa joto hilo huku kikibaki kwenye nyuzi 10, kama barafu inavyobaki kwenye sifuri.

Kipo. Kinaitwa pentadekani, ndugu wa mafuta ya taa, chenye kaboni 15 kwenye mnyororo. Huyeyuka kwenye nyuzi 9.9. Nilipoiona namba hiyo nilisimama. Ndugu yake wa kaboni 14 huyeyuka karibu na nyuzi 6, wa kaboni 16 karibu na 18. Huyu wa kati kaangukia mahali penyewe. Kilo moja ikiyeyuka hunywa kama nusu ya joto linalonywewa na kilo ya barafu, kwa hiyo nahitaji zaidi kidogo ya kilo 5. Nimeagiza 7.

Wiki ya 6

Jaribio la kwanza la pentadekani limeshindwa, na kosa ni langu.

Nilizigandisha pakiti za pentadekani usiku kwenye friza ya maabara, nikazitoa saa 2 asubuhi, nikazipanga kuzunguka mfuko wa pafu, nikafunga. Saa moja baadaye uso wa pafu ulikuwa nyuzi 3 na bado unashuka. Nikadhani vipimajoto vimeharibika. Nikavibadilisha. Vipya vikasema vile vile.

Jioni nikampigia Mama. Alistaafu uuguzi kwenye zahanati moja wilayani Muheza, na kwa zaidi ya miaka 20 alibeba chanjo vijijini, mara nyingi kwa baiskeli.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hizo pakiti uliziacha zitoe jasho?"

Nikanyamaza.

"Barafu ya kwenye friza haijui nyuzi sifuri," akasema. "Inajua nyuzi za friza. Ukiitia kwenye kibebeo vile vile, chanjo zinaganda. Ya pepopunda ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka ukaiona nzima. Sisi tuliziweka mezani kwanza mpaka zitoe jasho, unaitikisa moja karibu na sikio. Ukisikia inagonga ndani, kuna maji. Hapo ndiyo imefika sifuri. Hapo ndiyo unafunga."

Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kila muuguzi wa zahanati anayapiga vita mambo mawili kwa wakati mmoja, joto na baridi iliyopitiliza, na la pili ndilo gumu kuliona. Niliwahi kuketi kwenye meza ile ya zahanati nikifanya hesabu za shule huku pakiti zikitiririka maji mbele yangu. Nilidhani anachelewa.

Friza ya maabara ina nyuzi 20 chini ya sifuri. Pakiti zangu zilikuwa na safari ya nyuzi 30 kabla ya kufika kwenye kuyeyuka, na safari hiyo yote zilikuwa zinalinyonya pafu.

Wiki ya 7

Nimeziacha pakiti mezani mpaka mafuta yakaanza kuonekana pembeni ya donge jeupe. Uso wa pafu: 9.6. Katikati: 10.4. Baada ya saa 8: 9.8 na 10.1.

Nimemtumia Mama picha ya mchoro. Amejibu kwa kuniuliza kama nje ni baridi na kama nina soksi.

Wiki ya 8

Pakiti zinatoka ute. Sakafu ya kasha ina mafuta, vidole vinateleza, na mfuko wa nje wa pafu una doa. Nikazikagua zote kwenye mwanga, hakuna tundu hata moja.

Fundi wetu wa karakana ni mzee wa Bukavu, na ndiye mtu wa pekee kwenye jengo hili ninayeongea naye Kiswahili kila siku. Aliikunja pakiti, akainusa, akasema: "Mwana, hii plastiki inakunywa mafuta. Haijatoboka. Inakunywa upande huu, inatapika upande ule." Ndivyo ilivyo. Polithini laini na mafuta ya jamii hii ni ndugu wa kikemia. Yanapenya polepole ndani ya ukuta wenyewe.

Hili si dogo. Kitu kinachokwenda kifuani mwa mtu hakipaswi kukaribiana na tone la pentadekani. Tumeamua mambo mawili: pakiti mpya za karatasi ya alumini yenye tabaka, zilizofungwa kwa joto, na kati ya pakiti na mfuko wa pafu uwepo ukuta wa chuma chembamba, ili hata pakiti ikipasuka mafuta yabaki upande wake. Chuma pia kinasambaza ubaridi sawasawa, ile kona iliyokuwa inasumbua imetulia. Mzee amekunja ukuta huo kwa mikono yake, pembe zote zikiwa mviringo, na akazipitishia kitambaa kuona kama kuna pahali pananasa uzi. Hapakuwa na pahali.

Tumeacha nafasi ya kutanuka kwenye kila pakiti, kwa sababu mafuta haya yakiyeyuka hujaa zaidi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi.

Wiki ya 10

Nje nyuzi 14 chini ya sifuri. Nimelitoa kasha kwenye veranda ya nyuma ya jengo na kuliacha saa 6.

Hesabu zangu zote zilikuwa za kuzuia joto lisiingie. Hapa tatizo limegeuka: joto linatoroka. Barafu isingeweza kulisaidia pafu hapa, maana nayo ingezidi kuwa baridi. Pentadekani iliyoyeyuka nusu inafanya kazi pande zote mbili. Nje kukiwa na joto, donge linayeyuka na kulinywa. Nje kukiwa na baridi, sehemu iliyoyeyuka inaganda na kurudisha joto lile lile. Saa ya 6 ndani ilisoma 9.7. Nimeisoma mara tatu, nimepiga picha, nimemwita Mzee aje aone.

Kwa hiyo haitoshi pakiti "kutoa jasho" kwa kiasi chochote tu. Kwa safari ya kiangazi pakiti ziingie zikiwa zimeganda karibu zote. Kwa safari ya Januari, nusu kwa nusu. Nimeanza kuandika karatasi ya maelekezo kwa watakaolifunga, kwa picha za pakiti iliyo tayari na isiyo tayari, kama zile zilizobandikwa ukutani zahanati.

Wiki ya 11

Swali la ndege, nililolisahau kabisa mpaka daktari mmoja wa upasuaji aliponiuliza. Pafu linasafirishwa likiwa na hewa ndani na bomba limebanwa. Ndani ya ndege angani mgandamizo huweza kushuka hadi robo tatu ya ule wa chini, na hewa iliyofungwa hutanuka kwa theluthi. Pafu lililotiwa hewa nyingi uwanjani linavutwa zaidi huko juu, na vifuko vyake vinaweza kuchanika. Kasha haliwezi kutibu hilo. Linaweza kuwa na nafasi ya kutosha pafu lisibanwe likitanuka, kwa hiyo nimeongeza sentimita 4 kwa kimo na kupoteza saa mbili hivi za muda wa kuhifadhi. Naona ni biashara halali. Mengine yapo mikononi mwa anayelitia hewa.

Wiki ya 12

Nimelazimika kuwa mkweli kwenye taarifa ya maendeleo. Mapafu ya machinjioni yananiambia habari za joto, basi. Kondoo huyo hakupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, ameshakaa bila mzunguko muda nisioujua, na mishipa yake midogo ina mabonge. Nikipima uzito wake baada ya saa 24 na kuona maji hayajaongezeka, siwezi kudai kwamba seli ni hai. Kulijua hilo kunahitaji pafu litolewe kwa utaratibu wa upasuaji, kisha liwekwe kwenye mashine ya kulipitishia kimiminika cha uvuguvugu na kulipumulisha nje ya mwili, ile njia ambayo Stig Steen wa Lund, Sweden, aliifikisha kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 2000 na ambayo Toronto wameiendeleza. Timu ya upasuaji inayo mashine na inacho kibali cha kamati ya maadili kwa utafiti wao wa nguruwe. Wamekubali kulitumia kasha langu kwenye mapafu ambayo tayari yamo kwenye mpango wao.

Daktari aliyelikubali alinieleza kinachomsukuma, na hakuanza na mitokondria. Mapafu mengi huja usiku. Timu inaamshwa saa 8 za usiku kufanya kazi ya saa nyingi juu ya mtu mwenye kifua wazi. Pafu likiweza kungoja salama mpaka asubuhi, linapandikizwa na watu waliolala. Nilimwambia Mama hilo, yeye aliyefanya zamu za usiku peke yake na taa ya chemli. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hilo ni jambo la maana sana."

Wiki ya 14

Kasha la pili limekamilika. Uzito na pakiti zote: kilo 17. Mzee ameongeza mishikio miwili ili libebwe na watu wawili bila kuinama upande. Jaribio la mwisho la maabara, chumba kikiwa nyuzi 25: saa 24 na dakika 40 kabla ya kuvuka 11. Joto la chini kabisa kwenye uso wa pafu lilikuwa 9.3.

Leo ni zamu ya timu ya upasuaji. Wamesema niwe mlangoni saa 12 asubuhi, kasha likiwa limefungwa na vipimajoto vinasoma.

Sasa ni saa 10 alfajiri. Nimezitoa pakiti 10 kwenye friza na kuzipanga mezani kwenye taulo. Saba bado nyeupe tupu. Tatu zimeanza kuonyesha mstari wa mafuta yaliyoyeyuka pembeni. Nimeitikisa moja karibu na sikio, bado. Nitaijaribu tena baada ya robo saa.